Maua ya Picha ya Tatu

Oduor alikuwa na tabia moja iliyomkera mkewe kuliko zote: hakuweza kuona ua akaliacha lilivyo. Kila asubuhi, Anyango akimaliza kumwagilia miche kwenye kitalu chao pale Nyamasaria, kando ya barabara ya Nairobi, Oduor alivuta kigoda hadi juani, akatoa simu, akapiga picha, kisha akaanza kuipamba. Aliongeza mwanga kidogo, akaondoa umanjano. Alikoleza kivuli nyuma ya jani. Aliisukuma ile aliyoiita kontrasti mpaka petali zikajitokeza, kila moja na ukingo wake. Hapo ndipo alipoita, "Mama Debra, kuja uone sasa," naye Anyango alikuja na mikono yake ya matope, akainama, akatazama kabla haijatumwa kwa wateja.

"Iko sawa," Anyango alisema. "Lakini haijanunua unga bado."

Alisema hivyo kila siku, na kila siku Oduor alicheka, ingawa haukuwa mzaha mtupu. Huyu alikuwa mtu wa studio. Miaka mingi watu walimfuata Kibuye kupigwa picha za ubatizo na za vitambulisho, wakasimama mbele ya pazia lake lililochorwa maporomoko ya maji. Kisha kila mtu akawa na studio yake mfukoni, na pazia la maporomoko sasa lilifunika banda la kuku. Kitalu cha Anyango ndicho kilicholisha nyumba na kumweka binti yao Debra kwenye shule ya bweni.

Na kwenye mlango wa chumba chao, juu ya msumari, lilining'inia koti la soja, vazi la mlinzi wa geti. Lilikuwa zito, la kijani, na vifungo vikubwa vya shaba. Owiti, kaka yake Anyango, ndiye aliyelileta. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kondele na alihitaji mtu wa kulinda getini. "Shemeji," alisema siku hiyo, akilitundika mwenyewe bila kuulizwa, "kupiga maua picha ni kazi ya mtu ameshashiba."

Anyango alimwombea mumewe muda hadi mwisho wa mwezi. Picha zikileta orda moja ya maana, koti lirudi Kondele. Zisipoleta, Oduor alivae. Oduor alikubali kama mwanamume, ila tangu siku hiyo alipita mlangoni ubavu-ubavu, akilipa koti nafasi kama mtu anayepishana na mama mkwe.

Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha simu ilipolia.

Aliyepiga alikuwa Habiba wa Kaloleni, mama anayeuza vitambaa vya mapazia mjini. Alikuwa anamwoza binti yake Khadijah Jumamosi ijayo. Mtu alikuwa amemtumia picha za Oduor, na bibi harusi, baada ya kuzitazama usiku na mchana, alikuwa amekataa maua mengine yote ya Kisumu.

"Anataka yale ya picha ya tatu," Habiba alisema.

Oduor alifungua picha ya tatu. Waridi jeupe, tone la maji kwenye petali, kivuli nyuma. Ilikuwa ndiyo picha aliyoifanyia kazi kuliko zote. "Ya tatu, Mama, ni chaguo la mtu ako na macho," alisema.

"Mnayo ya kutosha?"

"Yako mstari mzima. Sitaruhusu hata nyuki."

Habiba akatuma advansi siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo Anyango, aliyekuwa amebeba maji kwa ndoo tangu waanze, akaigeuza kuwa tangi jeusi la plastiki. Jioni Oduor alilitoa koti msumarini, akalikunja, akaliweka kwenye mfuko tayari kurudishwa. Alikuwa na furaha, na hakuificha. Alipita mlangoni mara kadhaa bila kazi yoyote, kifua mbele.

*

Siku ya Jumatano tuktuk ilisimama mbele ya kitalu, wakashuka Habiba na Khadijah. Walikuja kuyaona maua kabla ya siku yenyewe. Oduor alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Aliwapeleka hadi mwisho wa kitalu, mahali alipokuwa amefunika mstari wa mawaridi kwa neti, akaifunua taratibu kama alivyokuwa akifunua pazia la studio.

"Haya. Yenyewe haya."

Habiba aliyatazama mawaridi. Akatazama nyuma ya mawaridi. Akainama akatazama hata chini yake, kama mtu aliyeangusha hereni.

"Mashallah, yamependeza," alisema. "Sasa tupeleke kwenye yetu."

"Si ndiyo haya, Mama."

"Haya ni meupe."

"Nyeupe kabisa. Hakuna hata alama."

"Bwana Oduor, mwanangu anataka ya bluu."

Oduor alitabasamu. Alikuwa amezoea wateja wanaobadili nia. "Mama, waridi ya bluu mimi sijawahi kuona tangu nizaliwe."

"Sasa uliyempiga picha ni nani?"

Khadijah alicheka kabla hajaweza kujizuia, kisha akanyoosha simu yake. Oduor akaipokea. Ilikuwa picha ya tatu, hapakuwa na shaka. Tone la maji alilitambua. Kivuli alikitambua, ni yeye aliyekikoleza kwa kidole chake mwenyewe. Lakini waridi lilikuwa la bluu, bluu safi ya sare ya shule ya msingi.

Akasogeza picha nyingine. Maua meupe ya pili, bluu. Kilemba cheupe cha Anyango, bluu. Katika picha moja kuku wao mweupe alikuwa amepita nyuma bila kualikwa, naye alikuwa wa bluu kuanzia mdomo hadi mkia.

"Hii simu yako ina shida," Oduor alisema, lakini sauti ilikuwa imeshapungua.

"Leta yako tuone," Khadijah alisema.

Wakaziweka simu mbili juu ya tangi jipya, bega kwa bega. Picha ilikuwa moja. Kwenye simu ya Oduor waridi lilikuwa jeupe kama maziwa, na kwenye simu ya Khadijah lilikuwa bluu. Anyango alikuja na jembe lake mkononi, akatazama huku, akatazama kule. Yeye simu yake ilikuwa ya vibonyezo, isiyoonyesha picha yoyote. Kila picha aliyowahi kuisifu aliiona kwenye kioo cha mumewe.

Khadijah alikwaruza pembe ya simu ya Oduor kwa ukucha. Palikuwa na utando wa plastiki wa kukinga kioo, ile protekta, na pembe yake ilikuwa imeanza kujikunja.

"Baba, hii ilikuwa ya rangi gani ulipoinunua?"

"Haina rangi. Na usiitoe. Yule kijana wa Kibuye aliniuzia hii simu alisema nikiitoa, kioo inafuata."

"Imekuwa njano."

"Njano wapi?"

Khadijah akamtazama mama yake, mama akaitikia kwa kichwa, naye akaubandua utando wote kwa mara moja. Kioo hakikufuata. Akauweka utando juu ya waridi jeupe, na waridi likageuka rangi ya mafuta ya kupikia. Ndipo ikaeleweka. Mwaka mzima wa kukaa juani ulikuwa umeichoma ile plastiki. Oduor alikuwa akiona maua meupe yakiwa na umanjano, akadhani ni simu inayoyapiga vibaya, akaongeza bluu mpaka yakawa meupe machoni pake. Kisha akaitumia dunia nzima bluu yake.

"Wateja walikuwa wakisema kwa simu ilikuwa tofauti," Anyango alisema polepole.

"Nilifikiri wanataka kupunguziwa," Oduor alisema.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda shingoni. Yeye aliyewaambia watu wazima wainue kidevu na wafungue macho, hakuwa ameona rangi ya kuku wake mwenyewe.

Habiba hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda cha Oduor na kujipepea kwa ncha ya mtandio. "Mimi nauza vitambaa," alisema. "Rangi ndiyo kazi yangu. Nimechukua picha hii nikaenda nayo stoo, nikalinganisha, nikakata. Shangazi zake, dada zake, watoto, wote wameshonewa. Yaani nyumba yangu nzima imevaa rangi ya plastiki ya Bwana Oduor."

"Mama, pole," Oduor alisema.

"Pole naipokea. Lakini kesho nipate maua ya bluu, au nipate advansi yangu nikajaribu kwingine."

Watu wanne walilitazama tangi la maji.

*

Tuktuk ilipoondoka, Oduor aliingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa koti la soja, amelifunga vifungo vyote hadi kooni, katika jua lile la Nyamasaria.

"Vua hiyo kitu, utachemka," Anyango alisema.

"Wacha nizoee."

"Oduor."

"Tulisema orda moja ya maana. Imekuja, nimeiharibu. Nitafanya kazi ya Owiti, tulipe huyo mama pole pole. Mimi si mtu wa rangi, Mama Debra. Mimi ni mtu wa geti."

Anyango aliweka jembe chini. Mwezi mzima alikuwa amemtania kuhusu picha zake, lakini kumwona amesimama pale na vifungo vya shaba, jasho likimshuka, kulimuuma kuliko alivyotarajia. "Hizo picha mimi ndiye nilikuwa naangalia kila asubuhi," alisema. "Nilikuwa nasema iko sawa. Kama ni kutoona, tulikuwa wawili."

Simu ya Oduor ikalia. Alikuwa Owiti, akiuliza kama Jumatatu ijayo atamwona. Oduor akamweleza yote, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuficha.

"Kwani hukujua ni ya bluu?" Owiti aliuliza, akishangaa kweli. "Mimi nimekuwa nikiziona hizo bluu tangu mwaka jana."

"Na hukusema?"

"Nilifikiri ni mbolea."

Anyango alicheka hadi akashika tangi. Oduor alijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka naye, ndani ya koti. Walipotulia akajipangusa uso kwa mkono mrefu wa sare. "Basi ni hivyo," alisema. "Ua la bluu haliko dunia hii."

Anyango aliacha kucheka.

"Nani amekudanganya? Kwetu Dunga zimejaa. Zile za kwa maji."

"Zile za kushika makasia?"

"Hizo hizo. Si ni bluu?"

Oduor alifikiri. Alikuwa ameyaona mayungiyungi ya Dunga tangu uchumba wao. Yalielea kando ya mafunjo, yakisukumwa na mashua, na hakuna mtu wa ziwani aliyeyaita maua. Yalikuwa usumbufu wa wavuvi, na watoto walitengeneza mikufu kwa mashina yake. Anyango alikuwa ameuza maua miaka hiyo yote bila hata mara moja kufikiria kuuza hayo.

"Yawa," alisema Oduor kwa mshangao, akaanza kufungua vifungo.

*

Asubuhi yake walikuwa Dunga, ndani ya mashua ya Griffins, binamu yake Anyango, ambaye aliwauliza mara mbili kama wamesema maua au samaki. Mawingu yalikuwa yametanda na maji yalikuwa na rangi ya bati. Walipofika penye mafunjo, Griffins alinyanyua kasia.

"Hii?" aliuliza. "Mnataka hii? Chukueni yote, mtakuwa mmenisaidia."

Yalikuwa bluu. Oduor aliyatazama kwa macho yake matupu kwanza, kwa muda mrefu, kwa sababu hakuiamini tena simu wala kidole chake. Kisha akapiga picha moja. Kwenye kioo, ambacho sasa kilikuwa kitupu na safi, picha ilikuwa imepooza. Mawingu yalikuwa yameondoa uhai wote. Palihitajika mwanga kidogo tu, na kontrasti, na ile pembe yenye kasia la Griffins ikatwe. Kidole kilianza kusogea chenyewe.

"Weka mkono mfukoni," Anyango alisema, bila kugeuka.

"Kidogo tu. Hata si rangi, ni mwanga."

"Mfukoni, Baba Debra."

Akaituma kama ilivyokuwa, pamoja na kasia. Hakuwa amewahi kutuma picha akiwa na woga namna hiyo. Baada ya muda Habiba akapiga.

"Bluu naiona," alisema. "Lakini mbona imepauka, Bwana Oduor? Leo umesahau ufundi wako?"

"Leo sijagusa kitu, Mama."

"Hm. Na yanakaa?"

Hapo ndipo Oduor angeweza kunyamaza. Anyango, aliyekuwa amesogeza sikio, alijua, na Griffins alijua. Harusi ilikuwa keshokutwa, na advansi ilikuwa imejaa maji kule Nyamasaria.

"Asubuhi inafunguka," Oduor alisema. "Mchana jua likigeuka, inajifunga. Hiyo ndiyo tabia yake, siwezi kukudanganya mara ya pili."

Sauti ya Khadijah ikasikika kwa mbali, nyuma ya mama yake: "Mama, picha si ni asubuhi? Mchana yakilala, hata mimi nitakuwa nimechoka."

Anyango alimnyang'anya mumewe simu. "Mama Khadijah, ni mimi. Iko njia. Mtu anadondosha nta ya mshumaa pale petali inashika, kidogo tu. Ua linasahau kujifunga. Dada zangu walikuwa wanafanyia sherehe ya kanisa. Nitakuja mwenyewe na mishumaa."

"Una hakika?"

"Nimeona kwa macho yangu. Si kwa simu."

Habiba alicheka, cheko fupi la mfanyabiashara. "Leteni," alisema.

*

Jumamosi walirudi Dunga na alfajiri, wakangoja jua lifungue maua yenyewe. Shida ikawa kuyabeba. Magunia yalikuwa makavu na yangeyaunguza kabla ya kufika Kaloleni. Palihitajika kitu kizito, kinene, kinachoshika maji. Oduor alilitoa koti la soja kwenye mfuko aliokuja nao akipanga kulipitisha Kondele, akalizamisha ziwani, akalikamua, akalitandaza kwenye sakafu ya tuktuk. Mayungiyungi yakalazwa juu yake, mikono miwili ya koti ikayafunika. Vifungo vya shaba viling'aa pembeni, na matope ya Dunga yakaingia kila mfuko.

Njiani Owiti akapiga. Anyango ndiye aliyepokea.

"Shemeji anakuja na koti Jumatatu?"

"Koti liko kazini," Anyango alisema, akakata.

Nyumbani kwa Habiba uani palikuwa pamejaa wanawake, na wote, kuanzia nyanya hadi kitoto kilichokuwa kikitambaa, walikuwa wamevaa bluu ile. Oduor alipoiona alisimama mlangoni. Ilikuwa bluu yake, ile aliyoitengeneza bila kujua, imeshonwa mikunjo na kutiwa lesi. Mabakuli ya kioo yalikuwa yamepangwa mezani yakingoja, na maji ndani.

Habiba akaja mwenyewe. Alifunua mkono mmoja wa koti, kisha wa pili. Anyango alisogea, mishumaa mkononi.

"Bwana Oduor," Habiba alisema, "umenidanganya tena."

Oduor akarudi hatua moja. "Mama, hiyo picha sikugusa. Muulize mke wangu."

"Ndiyo nasema. Ile picha ilinionyesha majani yaliyooshwa na jiki. Nimelala usiku kucha na hofu. Na kumbe ulikuwa na hivi." Aliinua yungiyungi moja hadi kwenye mwanga, akalilinganisha na bega la nguo yake. Halikulingana kabisa. Ua lilikuwa na uzambarau kwa mbali na manjano ndani, lilikuwa zuri kuliko kitambaa, na Habiba, aliyeuza vitambaa maisha yake yote, aliliona hilo kabla ya mtu mwingine. "Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini. "Hii rangi mimi sina stoo."

Anyango akawasha mshumaa, akaanza kudondosha nta, ua baada ya ua, na wasichana wakamzunguka wakitaka kujifunza. Oduor hakujua afanye nini na mikono yake. Alisimama pembeni, koti lililolowa likiwa begani, na furaha ikamjia polepole.

Khadijah alipotoka na ua moja mkononi, mpiga picha waliyemkodi alikuwa bado hajafika. Habiba akamtafuta Oduor kwa macho, akamwita kwa kidole.

"Piga wewe."

Oduor akapiga. Moja ya bibi harusi, moja ya bibi harusi na mama, moja ya wote wenye bluu. Kisha akaificha simu mfukoni haraka, pamoja na mkono, na kumtazama Anyango ili aone kwamba ameuficha.

Habiba akamvuta pembeni, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akamsogelea karibu na sikio.

"Maua usiyaguse," alinong'ona. "Lakini mimi, hapa chini ya macho, nitie mwanga kidogo."